Taa ya Nyuma ya Pikapu Uliyopewa

Mwanangu Elia,

Barua hii ameibeba Bwana Shabani, dereva wa lori la mahindi. Nimemwomba asimkabidhi mtu yeyote ila wewe, wala asiiache dukani. Anaondoka hapa Manyoni leo jioni, na ameniahidi kwamba akifika Ikungi kesho Jumapili ataingia mpaka Ihanja akutafute. Kama amekupata kesho, namshukuru Mungu. Kama unaisoma Jumatatu asubuhi na gari limekwisha kuwashwa, lizime. Lizime kwanza, kisha ukae chini usome mpaka mwisho.

Nimeanza bila salamu, nisamehe. Mimi ni mzima. Bado tunaponda kokoto za reli, mgongo unauma na vumbi la mawe limenikaa kifuani, lakini hayo si mageni. Leo Jumamosi tumefunga kazi saa sita. Wenzangu wamelala kivulini. Mimi nimekaa na daftari hili tangu wakati huo na nimechana kurasa tatu.

Alhamisi nilipata barua ya mama yako, aliyoandikiwa na dada yako Anna. Ameeleza kwa furaha kwamba kamati ya kijiji imekupa wewe pikapu, kwamba Jumatatu unaondoka kwenda kuishi kijiji kipya kule mbele ya Sepuka, na kwamba utahamisha watu na vitu vyao, kisha ubaki hukohuko na gari kwa ajili ya wagonjwa na wajawazito. Chini kabisa Anna ameongeza maneno yake mwenyewe: "Baba, kaka analipapasa lile gari kama ng'ombe wa mahari." Nilicheka. Halafu nikasoma tena, nikaona ni lilelile la kijani, lenye bodi ya mbao. Sijacheka tena tangu Alhamisi.

Habari za kula, kufua na kukaa vizuri na wenyeji wa kule, mama yako amekwisha kukuambia, na wewe si mtoto. Mimi nina habari moja tu, ya taa ya nyuma ya gari hilo. Siwezi kukueleza taa hiyo bila kukueleza nililolitenda, na ndiyo maana kurasa zinachanika.

Wewe uliikuta pikapu ikiwa hivyo ilivyo. Mimi niliijua ingali na bodi yake ya bati, ilipokuwa ya Mzee Jivan, yule Mhindi aliyekuwa na duka la vitambaa Singida mjini. Nilikuwa nafagia gereji iliyokuwa nyuma ya duka lake. Nilikuwa na darasa la nne na masikio yangu mawili. Fundi akisema neno, naliokota. Kijiji kilipoinunua, nusu yake ilikuwa imeoza, na wakasema Baba Elia amekaa gereji, yeye atakuwa utingo na fundi wetu. Nami sikukataa. Nani angekataa?

Injini ikatolewa, ikawekwa ya gari jingine. Tangi la mafuta lilitoka kwenye pampu ya maji. Mlango wa dereva ni wa lori, ndiyo maana haufungi mpaka uunyanyue. Betri niliihamishia mimi chini ya kiti, kwa sababu injini mpya haikuiachia nafasi. Na bodi ya bati ilipobaki matundu matupu, tukampa seremala kazi, akatutengenezea nyingine ya mbao za mninga, nzuri, nzito, isiyoliwa na mchwa. Watu walikuja kuishika kwa mikono. Hatukujiuliza hata mmoja wetu kama lile bati lilikuwa na kazi nyingine zaidi ya kubeba mizigo.

Waya nilifunga mimi. Nilikuwa na roli moja tu, nyekundu, kwa hiyo ukichungulia chini ya usukani utakuta zote nyekundu, ya honi, ya taa kubwa, ya breki, zimelaliana kama utumbo wa mbuzi. Usijaribu kuzifuata kwa macho, utapotea. Kila ukiijua moja inakokwenda, ifunge uzi wa rangi yake. Na kwenye kasha la fyuzi, nafasi ya pili, utakuta msumari. Niliuweka mimi siku fyuzi zilipotuishia, nikasema kesho nitautoa. Utoe. Waya zikigusana, fyuzi inakufa ili gari lipone. Msumari haufi, Elia. Unaacha gari liungue.

Sasa hiyo taa. Ilikuwa moja tu nyuma, ya kulia. Ya kushoto ilivunjika tangu enzi za Mzee Jivan. Mara tu tulipofunga bodi ya mbao ikaanza kutusumbua. Leo inawaka, kesho haiwaki, keshokutwa inawaka yenyewe. Nilibadilisha balbu mara tatu. Nilitoa waya yote kutoka swichi mpaka nyuma, nikaweka mpya. Ikawaka siku mbili, ikazima. Mwishowe nikagundua kwamba nikiipiga kofi ubavuni inawaka, basi nikawa naipiga kofi, na hilo nikaliita ufundi.

Dereva wetu alikuwa Mzee Ntandu. Unamjua kwa jinsi alivyo sasa, mtu wa mizinga ya nyuki na maneno machache. Wakati ule alikuwa na mdomo. Kila tukitaka kuondoka jua likiwa limeshuka, alikuwa akitoa kichwa dirishani na kuita:

"Baba Elia! Taa ipo?"

"Ipo, mzee!"

"Ipo kwa kuwaka, au ipo kwa kuwepo?"

Watu wanacheka, mimi nalizunguka gari, napiga kofi langu, najibu, "Ipo kwa kuwaka!" Ndipo anaondoa gari. Hakuondoka hata siku moja bila kuuliza.

Siku ninayokuambia tulikuwa tunamhamisha Mzee Hango, wale wa kule bondeni. Nyumba yake ya tembe ilikuwa imebomolewa, udongo umekwisha kuanguka, imebaki boriti kubwa ya katikati, ndefu kuliko gari. Tukamwambia, mzee, tuikate vipande viwili. Akaikalia.

"Boriti hii aliikata baba yangu," akasema. "Mkitaka kuikata mara ya pili, anzeni na mimi."

"Afadhali tukukate wewe, mzee," Ntandu akamjibu, "gari litapungua uzito."

Hata Mzee Hango mwenyewe alicheka, lakini hakuondoka juu ya boriti. Basi tukaipakia nzima. Ili ikae, ilibidi tuushushe mlango wa nyuma, tuondoe minyororo yake miwili ya pembeni na kuufunga mlango kwa kamba uning'inie. Boriti ikatokeza nyuma kama hatua tatu. Jua lilikuwa linazama. Taa nilikuwa nimeiangalia kabla ya kupakia, mlango ungali umefungwa, na ilikuwa inawaka vizuri bila hata kofi. Nikapanda juu ya mzigo, nikakaa.

"Baba Elia! Taa ipo?"

Nilikuwa nimechoka. Miguu ilikuwa imekwisha kupata mahali pake kati ya magunia.

"Ipo kwa kuwaka, mzee!"

Sikushuka. Hicho ndicho kitu chenyewe, na mengine yote yametoka hapo.

Kwenye mteremko wa kuingilia Ihanja kulikuwa na mbuzi barabarani, Ntandu akafunga breki. Nyuma yetu, ndani ya vumbi letu, alikuwa anakuja Jumanne, yule fundi cherehani, na baiskeli yake. Hakuona gari, hakuona boriti. Mimi niliyekaa juu nilisikia kishindo, nikadhani tairi limepasuka. Tulipofika kwake alikuwa amekaa barabarani ameshika uso, anauliza, "Ni nini? Ni nini hicho?" Jicho la kushoto halikupona. Wewe mwenyewe umewahi kushonewa naye suruali, umeona jinsi anavyogeuza kichwa akitia uzi kwenye sindano.

Asubuhi yake tukaitwa kituo cha polisi tuende na gari. Tulikuwa tumekwisha kumshushia Mzee Hango mzigo wake, na mimi, kama utingo yeyote, baada ya kushusha mzigo niliufunga mlango wa nyuma na kutundika minyororo mahali pake. Askari akasema, washa taa. Ntandu akawasha. Ikawaka kama haijapata kuwaka tangu izaliwe.

"Taa nzima," askari akasema. "Sasa wewe dereva, mtu alikosaje kuiona?"

"Niliuliza kabla ya kuondoka, nikaambiwa inawaka."

"Na wewe utingo, unasemaje?"

Elia, nilikuwa na muda wa kusema sikushuka kuangalia. Ni maneno mawili. Nilikuwa na muda wa kusema taa hiyo ina ugonjwa, huwa naipiga kofi. Badala yake nilisema, "Iliwaka, afande. Labda mzee aliizima mwenyewe njiani kutunza betri. Huwa anafanya hivyo." Na kweli alikuwa na tabia hiyo, madereva wote walikuwa nayo kwa zile betri zetu za kufa kufa, ila aliizima tukisimama tu, si tukienda. Kwa sababu kulikuwa na ukweli ndani yake, uongo ule uliaminika upesi.

Ntandu alinigeukia. Hakupiga kelele. "Baba Elia, ndivyo?" akaniuliza. Askari akamwambia asiongee na shahidi.

Mbele ya hakimu nilirudia yaleyale. Ntandu akafungwa mwaka mmoja na leseni ikachukuliwa. Aliporudi, alipita mbele ya nyumba yetu, nami nikaingia ndani nikajifanya nalala. Mwezi haukuisha nikawaambia nakwenda Manyoni kwenye kokoto. Mlijua nimefuata kazi. Kazi ilikuwepo hata Ihanja.

Mwaka juzi mama yako aliponiandikia kwamba Ntandu ndiye anayekufundisha gari, chakula kilinishinda. Nilidhani anakutega. Niliwaza, mtu huyu nimemnyang'anya usukani, sasa ameshika mtoto wangu, atamfanya nini? Niliandika barua ya kukukataza, sikuituma, kwa sababu mngeniuliza kisa. Miezi ikapita, nikasikia umejua gia, umejua kurudi nyuma, umepata leseni. Kumbe alikuwa anakufundisha tu. Jambo hilo limenisumbua kuliko kama angekutega.

Sasa sikiliza jinsi nilivyojua ugonjwa wa ile taa, maana sikuujua mpaka mwaka huu. Hapa tuna mashine ya kuponda mawe, na juu yake kuna taa. Ubao ulipowekwa mahali pa bati lililokatika, taa ikafa. Nikaitwa, kwa kuwa wanajua nimekaa gereji. Nikabadilisha balbu, nikabadilisha waya, kama kawaida yangu. Fundi wetu ni Mgogo, Masima, mtani wangu mkubwa. Alisimama akinitazama, mikono kiunoni.

"Wewe Mnyaturu," akasema, "ng'ombe wako asipoonekana zizini jioni unamtafuta wapi?"

"Njia aliyokwenda malishoni."

"Na asipokuwepo njia hiyo?"

Nikaendelea kukaza balbu.

"Ndiyo maana ng'ombe wenu tunawachukua kila siku! Mtafute njia ya kurudi, bwana, huko ndiko alikopotelea."

Akaokota kipande cha waya. Ncha moja akaigusisha kwenye ganda la taa, ncha ya pili kwenye chuma cha mashine. Taa ikawaka mchana kweupe. Akanieleza kwamba umeme haufiki kwenye taa ukaishia hapo. Lazima urudi ulikotoka. Kwenye gari unakwenda kwa waya, lakini unarudi kwenye betri kwa kupitia vyuma vya gari lenyewe. Mafundi wa mjini huita njia hiyo erthi. Weka ubao katikati, umeifunga njia.

Nilikaa chini. Masima alidhani nimepigwa na jua, akaniletea maji. Mimi nilikuwa naiona pikapu. Taa imefungwa kwenye chuma cha pembe ya bodi ya mninga. Chuma hicho hakigusi kitu kingine ila mbao, na mnyororo wa mlango. Mnyororo ukitundikwa, umeme unapita humo, unashuka kwa vyuma vya mlango mpaka kwenye bawaba, na bawaba imefungwa kwenye chesisi, ule uti wa mgongo wa chuma wa gari. Umepata njia ya kurudi, taa inawaka. Mnyororo ukilegea, unapiga kofi, unagusana tena. Na ukiutoa mnyororo ili kushusha mlango, hakuna njia kabisa. Yaani taa ile inakufa siku ambayo mzigo umetokeza nyuma, siku unayoihitaji kuliko siku zote. Na ukilipeleka gari mahali likaangaliwe, tupu, mlango umefungwa, taa itawaka mbele ya kila mtu.

Hayo nimeyajua tangu wakati wa mavuno, na nimekaa kimya. Nilijiambia kwamba gari bovu kama lile limekwisha kutupwa. Nilijidanganya. Sasa wanakupa wewe, na Jumatatu watu watakuletea boriti zao, na hakuna mzee atakayekubali ikatwe.

Kwa hiyo ufanye hivi, na usimwachie mtu. Shusha mlango, toa minyororo yote miwili, washa taa, kisha uende nyuma kwa miguu yako mwenyewe. Itakuwa imezima. Chukua kipande cha waya kilichovuliwa ncha zote mbili, gusisha ganda la taa na chesisi. Ikiwaka, umeiona kwa macho yako. Basi tafuta waya nene, si nyembamba kuliko ile inayoleta umeme, ifunge kwenye ganda la taa, ishushe mpaka kwenye chesisi, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, ukaze kwa nati. Halafu ujaribu tena mlango ukiwa chini na mzigo ukiwa juu. Na kama itawaka kabla hujafanya lolote, usifurahi. Itikise, isukume, ipige. Pengine kuna mtu amefunga kitu tangu niondoke. Anna anasema sasa lina indiketa. Sijui nani ameziweka wala waya zake zimepitia wapi. Kila aliyeligusa gari hilo ameongeza lake, na sote hatukuandika. Wewe andika. Nunua daftari la shule, uandike kila waya unayoigusa, ili atakayekuja baada yako asitegemee kumbukumbu yako wala aibu yako.

Na kitu kinachopona kwa kofi hakijapona. Kama unaona unarudia kulipiga jambo lilelile, simamisha gari.

Nina hofu, mwanangu. Tangu Alhamisi nikisikia lori linashuka kule barabarani nasikiliza mpaka lipite. Ninahofu kwamba Shabani atakwama njiani. Ninahofu kwamba utaisoma barua hii, utatengeneza taa, kisha utaikunja uiweke mfukoni kwa ajili ya kunihurumia. Ninakujua, unaweza kufanya hivyo. Usifanye.

Kamati wamekupa gari kwa sababu wewe ni mtoto wa fundi aliyelifunga waya. Mama yako ameandika hivyo, kwa majivuno. Wakijua fundi huyo alifanya nini, wanaweza kukunyang'anya ufunguo, na kule kijiji kipya ukaenda na jembe kama wengine, au usiende. Nimelifikiria hilo kuliko mengine yote. Wakiutaka ufunguo, wape. Lakini kabla ya kamati kuna mtu mwingine.

Nenda kwa Mzee Ntandu kabla hujaondoka. Hakusoma shule, kwa hiyo barua hii umsomee wewe, kwa sauti, yote. Usimweleze kwa kifupi. Ukifika pale nilipojibu nikiwa juu ya magunia, na pale nilipomjibu askari, usipunguze sauti wala usiruke. Nimeandika jina langu kamili nyuma ya karatasi, na Masima ameandika lake kama shahidi kwamba ni mimi niliyeandika. Ukimaliza kusoma, mwachie karatasi. Ni yake. Akitaka kuipeleka kwa kamati, kwa Jumanne, kwa hakimu, ni juu yake. Akitaka nije nisimame niseme kwa mdomo wangu, nitakuja siku hiyohiyo nitakayosikia. Akitaka kuichoma, usimzuie, lakini usimwombe aichome.

Ukiingia kwake mpe shikamoo yako kama siku zote. Yangu usimpe. Nimemkosea mno kumtumia salamu kwa mkono wa mtoto. Nitaileta mwenyewe, na kama hataiitika, nitakuwa nimelisikia hilo kwa masikio yangu.

Baba yako,
Yona